Sahani ya Kumi na Mbili

Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 1978, saa nne asubuhi, Bibi Ragnhild Toftegaard wa mji wa Nykøbing, katika kisiwa cha Mors, alikuwa sebuleni akipiga pasi kitambaa cha meza. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka bila haraka. Mumewe, Bwana Asger Toftegaard, seremala aliyestaafu, alikuwa jikoni akila mkate mweusi na samaki wa siki juu ya sahani iliyomeguka ukingo.

"Mama," Asger akaita, "nife lini nipate kula kwenye zile sahani zako nzuri?"

"Ukifa ndiyo huzipati kabisa, baba. Maliza hapo hapo ulipo."

Mtoto wao wa pekee alikuwa amehamia Kanada miaka mingi nyuma, lakini wao waliendelea kuitana baba na mama kama wafanyavyo wazee wengi wa kule. Asger alicheka, akapaka siagi kipande cha tatu. Alikuwa mtu wa kula. Ragnhild alizoea kusema kwamba mume wake angeweza kukimaliza chakula cha msiba mzima peke yake, kahawa na keki.

Kwa miaka karibu thelathini Ragnhild alikuwa akikusanya vyombo. Alivitoa kwenye minada ya vitu vya marehemu, kwenye maduka ya mitumba, na kwenye vyumba vya chini vya makanisa. Kila majira alipanga meza moja sebuleni: ya Pasaka kwa rangi ya njano, ya kiangazi kwa maua ya shambani, ya vuli kwa majani mekundu na uyoga wa msituni. Hakuna aliyekula kwenye meza hiyo. Wanawake wa chama cha akina mama wa nyumbani walikuja kuitazama, wakazunguka mikono ikiwa mgongoni, wakasifu mikunjo ya leso, kisha wakaenda kunywa kahawa jikoni. Sahani za sebuleni zilikuwa tupu, safi, na ziling'aa.

Vuli ile alikuwa na seti mpya. Aliinunua mwezi Septemba katika shamba la Nørkjær, karibu na kijiji cha Sejerslev, baada ya Bibi Dagmar Nørkjær kufariki akiwa na miaka themanini na minane. Binti yake, Ellinor, mwanamke wa miaka hamsini na mitano ambaye hakuwahi kuolewa, ndiye aliyemfungulia kabati. Ilikuwa kauri nyeupe yenye masuke ya shayiri ya buluu pembezoni. Kiwanda chake kilikufa zamani.

"Zipo kumi na moja za kila aina," Ellinor alisema. "Ya kumi na mbili usiitafute, Bibi Toftegaard."

"Ilipotea?"

"Mama aliipiga nyundo." Ellinor aliangalia dirishani. "Na ukiiona mahali popote, ipite tu."

Ragnhild akaahidi. Lakini mkusanyaji wa vyombo akiahidi hivyo, ahadi yake ni ya mlevi. Seti iliyopungukiwa na sahani moja humkera kama kijiwe ndani ya kiatu. Hata wiki tatu hazikuisha. Katika duka la mitumba la mjini Thisted, chini ya rundo la visahani vya maua, aliiona: masuke yale yale, buluu ile ile, nzima bila hata ufa. Aliibeba kifuani ndani ya basi, kama mtu aliyebeba kifaranga.

Ndiyo sababu Jumamosi ile alipanga meza ya watu kumi na wawili.

Chini ya sanduku la Nørkjær alikuta pia kadi za majina, zile zinazosimamishwa mbele ya kila sahani ili mgeni ajue kiti chake. Zilikuwa kadi nene, zimeandikwa kwa wino mweusi na mkono mmoja ulionyooka. Zilikuwa kumi na mbili. Ragnhild alifurahi. Kadi za zamani huipa meza uhai. Kumi na moja kati yake zilikuwa na madoa ya mchuzi, alama za vidole vyenye mafuta, duara la bilauri. Ya kumi na mbili iliandikwa Villads Nørkjær. Hiyo ilikuwa nyeupe kabisa, kama aliyeketi nyuma yake hakuwahi kushika chakula.

Saa nane mchana wanawake tisa walifika. Jirani yake, Agnete Bisgaard, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, alizunguka akisoma majina kwa sauti.

"Laurids, Dagmar, Ellinor... Hee! Na huyu Villads? Ragnhild, utamlisha nini huyu bwana, uyoga au majani?"

"Atakula kwa macho kama ninyi."

"Basi atakonda, maskini. Kwako hata nzi anaondoka na njaa!"

Wakacheka. Ragnhild naye akacheka, akashika mgongo wa kiti cha mwenyeji, akasimama wima kama afanyavyo mama wa nyumba siku ya karamu, akatamka yale maneno ambayo bila hayo hakuna agusaye uma katika nchi ile:

"Karibuni mezani."

Wanawake wakapiga makofi, wakaenda jikoni kunywa kahawa.

Asubuhi ya Jumapili, Ragnhild alipofungua pazia la sebuleni, meza ilikuwa kama alivyoiacha. Uma kushoto, visu kulia. Isipokuwa mahali pa kumi na mbili. Pale kisu na uma vilikuwa vimelazwa juu ya sahani, sambamba, mpini kwa mpini.

Ndivyo mtu anavyoviweka akiwa amemaliza kula.

Alidhani ni utani wa Agnete. Akavirudisha.

Jumatatu, saa tano asubuhi, simu ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nyembamba, ya adabu.

"Ahsante kwa siku ile," ikasema.

Mtu akikwambia hivyo, hungoji kumtambua. Ni salamu. Huambiwa na kila uliyemkaribisha, hata kama mwezi umepita. Ragnhild alijibu kabla hajafikiri: "Ahsante nawe kwa kuja."

"Sasa ni zamu yangu kukaribisha. Nafasi ni moja tu."

Akadhani ni mume wa mmoja wa wale wanawake, au mtu wa kilabu ya karata. Akafunika kinywa cha simu kwa kiganja. "Baba, kuna bwana anakukaribisha kwake."

Asger alikuja akifuta mikono. Alisikiliza. "Naam. Ahsante. Nitakuja kwa furaha," akasema, akaweka simu chini.

"Nani?"

"Hakutaja jina. Nimeona haya kumwuliza. Mtu anakukaribisha kwa heshima, utamwambia wewe ni nani?"

"Wapi? Lini?"

Asger alikunja uso, kama mtu anayetafuta miwani. "Hakusema, mama."

Siku ile mchana Ragnhild alipika mipira ya nyama. Asger alikuwa amesinzia katika kiti chake karibu na dirisha. Alipomwamsha, alifungua macho, akapangusa midomo kwa kiganja.

"Nimekwisha kula," akasema. "Nimeshiba."

*

Wiki ya kwanza Ragnhild alinuna. Wiki ya pili alianza kumpikia vitu ambavyo hajampikia tangu harusi: bata, maini, viazi vya kuviringishwa katika sukari. Asger alivitazama kwa upole, kama picha ya nyumba ya mtu mwingine.

"Kizuri, mama. Lakini siwezi. Nimetoka kula sasa hivi."

"Umekula wapi? Hujatoka nje ya nyumba hii tangu asubuhi!"

"Kwa yule bwana."

"Bwana gani?"

Asger akageukia dirisha. Kila siku saa sita mchana alisinzia kitini. Kila siku saa saba aliamka akipangusa midomo. Na kila siku Ragnhild alipopita sebuleni, kisu na uma vya mahali pa kumi na mbili vilikuwa vimelala sambamba.

Asger aliutoboa mkanda wake wa suruali tundu jipya kwa msumari. Kisha la pili. Kisha la tatu. Mwezi wa Novemba ulipoingia, pete yake ya ndoa ilidondoka ndani ya beseni la kunawia, wala hakuisikia ikilia.

Daktari alimpima kila kitu. Tumbo salama. Damu nzuri. Moyo wa kijana. "Anasema hana njaa," daktari alimwambia Ragnhild kwenye baraza. "Na nikimpima, Bibi Toftegaard, mwili wake unajibu kama mwili wa mtu aliyetoka kula. Lakini anakufa njaa. Sijui nikuambie nini zaidi."

Wakamlaza hospitali. Wakamtundikia maji yenye sukari. Akaendelea kukonda.

Ragnhild aliketi kando ya kitanda, akashika mkono ambao sasa ulikuwa mwepesi kama glavu. "Baba. Niambie. Huko unakokwenda kuna nini?"

"Meza," Asger akanong'ona. "Nzuri. Kama zako."

"Na watu?"

"Wengi. Wamevaa vizuri. Wote wananitazama."

"Wanakupa nini ule?"

Midomo yake ilicheza. Ragnhild aliinama kusikia.

"Sahani ni safi sana, mama," akasema. "Safi sana."

*

Ragnhild alirudi nyumbani akaipangua meza ile. Alitupa majani na uyoga. Alikunja kitambaa. Alifungia sahani zote katika masanduku mawili, akayapeleka kwenye banda la zana la Asger, akatia kufuli. Kesho yake meza ilikuwa uchi, ubao mtupu.

Juu ya ubao, mahali pa kumi na mbili, vumbi lilikuwa limepanguswa kwa duara. Duara la sahani.

Akachukua nyundo, akafungua banda, akaitoa sahani. Akainua mkono. Hapo akamkumbuka Ellinor na lile neno lake: mama aliipiga nyundo. Kama nyundo ingekuwa dawa, mbona Ellinor alisema kwa sauti ile? Akashusha mkono. Akaifunga sahani kwa taulo, akapanda basi la saa tatu kwenda Sejerslev.

Ellinor Nørkjær alifungua mlango. Alilitazama taulo kabla ya kumtazama mgeni. Hakusalimu.

"Umeitafuta," akasema.

"Nimeitafuta. Nisamehe. Mume wangu anakufa."

"Anasema ameshiba?"

Ragnhild aliitikia kwa kichwa, machozi yakimwagika juu ya koti. Ellinor akamwingiza jikoni. Hakumwekea kahawa, jambo ambalo kwa watu wa kule ni kama kumwambia mtu nyumba inaungua.

"Villads alikuwa ndugu ya baba," Ellinor akaanza. Alizungumza akiitazama mikono yake. "Nusu ya shamba hili ilikuwa yake. Hakuwa na mke. Baba na mama walitaka aitie saini iwe yao, akakataa. Basi mwaka 1932 wakaacha kumpakulia. Hawakumpiga. Hawakumfungia. Waliacha kumpakulia, basi."

"Na majirani?"

"Majirani walikuwa mezani! Kila Jumapili. Baba mdogo Villads aliwekewa kiti chake, sahani, kisu, uma, kadi yake, kila kitu mahali pake. Mama hakuvumilia meza yenye pengo. Bakuli likipitishwa, linamruka. Na wageni wote wanaona. Kwetu mtu haulizi mambo ya nyumba ya mwenzake, unajua mwenyewe."

Ragnhild alijua.

"Aliketi wima. Alikata hewa kwa kisu. Akaitia mdomoni. Akatafuna. Sisi wote tunamtazama, hakuna anayesema neno. Akimaliza analaza kisu na uma, anasema ahsante kwa chakula. Na mama anamjibu: kikufae." Ellinor alifumba kiganja, kama mtu aliyeshika kitu. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa ubavuni pake. Nilikuwa na kiazi mkononi, Bibi Toftegaard. Kiazi kizima. Mama aliniangalia. Nikakila mwenyewe."

Saa ya ukutani ilipiga mara moja.

"Alikufa kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata, siku ya kipaimara cha kaka yangu, mama akaipanga tena sahani ile, na kadi, ili meza itimie watu kumi na wawili. Kwa ajili ya uzuri tu. Baada ya wiki moja baba akaanza kusema ameshiba."

"Mama yako akaivunja."

"Akaivunja baba alipokwisha kuzikwa. Hakuna aliyekuja tena baada ya hapo, ni kweli. Lakini mama hakupata raha hadi siku aliyokufa. Alisema pengine aliufunga mlango baba angali upande ule."

Ragnhild alilikumbatia taulo. "Nifanye nini basi? Niambie, dada yangu. Nitafanya lolote."

"Sijui." Kwa mara ya kwanza Ellinor alimtazama machoni. "Ninajua jambo moja tu. Hajawahi kulishwa. Hata na mimi. Ukithubutu, usimtazame. Tulimtazama mno."

*

Jumapili ya tarehe 3 Desemba, ya kwanza ya Majilio, Ragnhild alimtoa Asger hospitali. Muuguzi alimfuata hadi mlangoni akisema huku ni kumwua mgonjwa. "Anakufa huku huku kwenu," Ragnhild akamjibu. Dereva wa teksi alimbeba Asger mikononi kama kuni.

Tangu alfajiri Ragnhild alikuwa amepika. Nguruwe wa kuoka, ngozi yake imekauka na kupasuka. Kabichi nyekundu. Viazi vya sukari. Mchuzi wa kahawia mzito. Wali wa maziwa wenye lozi. Alitandika kitambaa. Hakuweka majani, wala ua, wala mkunjo wa leso. Aliweka sahani tatu: yake, ya Asger ubavuni pake, na ya kumi na mbili ng'ambo ya meza. Akasimamisha ile kadi nyeupe.

Ilikuwa saa sita kamili. Mwanga wa mchana uliingia madirishani, mweupe, usio na jua.

Akamfunga Asger kitini kwa shali ili asianguke. Kichwa cha mzee kilikuwa kifuani. Akasimama nyuma ya kiti chake mwenyewe.

"Karibu mezani, Villads Nørkjær."

Akaketi. Akainamisha macho kwenye sahani yake.

Hakuna kitu. Saa ilikuwa ikigonga. Mvuke wa viazi ulipanda, ukapungua, ukakatika. Mafuta ya mchuzi yakaanza kuganda. Asger alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine. Kila iliyofuata ilichelewa zaidi.

"Karibu," Ragnhild akanong'ona. "Tafadhali. Ni chakula. Ni chakula cha kweli."

Uma haukusogea.

Ndipo akakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa kule hufundishwa kabla ya kuvaa viatu. Mgeni haanzi. Mgeni hungoja mama wa nyumba atie tonge la kwanza. Miaka thelathini ya kupanga meza, na yeye mwenyewe hakuwahi kula hata tonge moja juu yake.

Akajipakulia. Mchuzi ukamwagikia kitambaa. Akala.

Ng'ambo ya meza kisu kiligusa kauri.

Hakuinua macho. Alisikia kukata. Alisikia kutafuna. Kulikuwa polepole. Kisha hakukuwa polepole tena.

Akala tonge la pili. La tatu. Aliendelea kumeza, maana aliogopa akiacha mgeni naye angeacha. Kisha, kwa kuwa bakuli hupitishwa mara mbili katika nyumba yenye heshima, alilishika bakuli la viazi kwa mikono miwili, akalinyoosha mbele, macho chini.

Bakuli likawa jepesi.

Akanyoosha sinia la nyama. Likawa jepesi. Akanyoosha kabichi. Alinyoosha kila kilichokuwapo, na kila kilichokuwapo kikaondoka mikononi mwake, na juu ya vidole vyake alihisi pumzi ya mtu, baridi, ya haraka.

Kisu na uma vikalazwa.

"Ahsante kwa chakula," ikasema ile sauti ya simu.

Ragnhild alijua kwamba mgeni haondoki mezani kabla ya kujibiwa. Akafumba macho kabisa. "Nirudishie mume wangu," akasema. "Nirudishie. Nitalisha. Nitalisha kila siku ya maisha yangu. Nipe mtu wangu aketi hapa ale."

Mgeni alikuwa akingoja.

"Kikufae," Ragnhild akasema.

Kiti kilisukumwa nyuma. Ubao wa sakafu ukalia mara moja, upande wa pili wa meza. Ukalia mara ya pili, karibu zaidi. Mara ya tatu ulilia ubavuni pake, pale alipokuwa Asger.

Alihesabu hadi mia. Alipofumbua macho, sahani ya kumi na mbili ilikuwa imelambwa ikabaki nyeupe. Na Asger alikuwa ameinua kichwa. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa akilitazama bakuli la wali wa maziwa, na udenda ulikuwa ukimtiririka.

"Nina njaa," akasema.

Ragnhild alipiga magoti palepale. Alimlisha kwa kijiko, akilia na kucheka, mpaka akanyang'anywa kijiko.

*

Mji mzima ulisema ni muujiza. Krismasi ilipofika, Asger Toftegaard alikuwa akitembea kwa mkongojo. Pasaka ilimkuta amenenepa. Agnete Bisgaard alileta keki, akasimama mlangoni akimtazama akiimaliza bila kuketi.

"Huyu sasa ficha hata mishumaa!" akasema.

Ragnhild hakupanga tena meza ya kutazamwa. Vyombo vyote aliviweka jikoni, vikatumiwa, vikavunjika kimoja kimoja. Alipika asubuhi, mchana na jioni. Mumewe alikula akiwa ameinamia sahani, mkono mmoja ukiizunguka. Alikuwa mpole. Alishukuru kila mara. Hakuzungumza sana.

Mwezi Mei, Ragnhild alipovuta kochi ili apige deki, alikuta mkate nyuma yake. Vipande zaidi ya arobaini, vimekauka, vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja kimefungwa leso. Alipiga magoti akavitazama kwa muda mrefu. Kutoka mlangoni mumewe alikuwa akimwangalia, amekunja mabega kama mtoto anayengoja kofi.

Ragnhild alivirudisha vyote kama vilivyokuwa. Akasukuma kochi mahali pake. Siku ile akakata mikate miwili badala ya mmoja. Na tangu siku ile hakumwita tena kwa jina wala kwa baba. Alisema tu, "Njoo ule."

Waliishi hivyo miaka kumi.

Mumewe alikufa usingizini tarehe 19 Februari 1989, tumbo limejaa. Mwosha maiti, kijana wa heshima aliyeitwa Preben Lyngsøe, alitoka chumbani akiwa ameshika bilauri aliyoikuta kabatini bafuni. Ndani yake mlikuwa na meno ya bandia, ya juu na ya chini, yamekauka, yamefunikwa na vumbi la miaka.

"Samahani, Bibi Toftegaard. Haya ni ya nani?"

"Ni ya mume wangu. Aliwekewa mwaka 1961, alipong'olewa yote."

Kijana aliyatazama meno. Akautazama mlango wa chumba. Akashusha sauti.

"Lakini marehemu ana meno yake yote, bibi. Yote thelathini na mawili."

Ragnhild aliichukua bilauri, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilimlisha," akasema. "Mtu asiseme sikumlisha."

Kaburi liko katika makaburi ya Nykøbing, safu ya ukuta wa kaskazini. Mchonga mawe alikwenda kwake mara tatu kuuliza jina gani aandike, na mara tatu Ragnhild alimpa kahawa, akamwambia angoje kidogo, hajapata uhakika. Ragnhild naye alifariki mwaka 1993 bila kulitaja. Jiwe limesimama hadi leo. Lina mwaka wa kufa, na juu yake mahali patupu palipolainishwa tayari kwa jina. Wafagiaji wa makaburi husema kwamba majira ya baridi, theluji ikianguka usiku kucha, asubuhi hukuta imefunika kila kitu isipokuwa duara moja mbele ya jiwe lile. Ndani ya duara majani ni makavu, na mna makombo ya mkate mweusi.